Ng'ombe wa Mheshimiwa

Mtu akiniuliza bunge lile lilikaa muda gani, siwezi kumjibu kwa miaka bila kukasirika, kwa hiyo namjibu kwa ng'ombe. Lilipoanza, ng'ombe wa mbunge wetu alikuwa mtamba ambaye bado hajapandwa. Lilipovunjwa alikuwa bibi, ana mjukuu zizini kwetu. Katikati ya hapo mama yangu alipofuka. Wengine wakikumbuka kipindi kile wanataja soko huria, simu za mkononi na mkoa mpya wa Manyara. Mimi namkumbuka ng'ombe yule, mwekundu, mwenye doa jeupe begani, na mpaka leo nikimwona anayefanana naye mnadani nageuza uso.

Mbunge mwenyewe simtaji. Nimembadilisha vya kutosha ili hata majirani zangu wabishane ni yupi, na kama kuna mtu atajiona humu, basi ajiulize mwenyewe kwa nini.

Kijiji chetu kiko bondeni, upande wa Hanang, pale ambapo watu wa Mbulu na watu wa Hanang wanachunga karibu hadi mbuzi wao wanachanganyikana. Baba alishuka kutoka milima ya Mbulu akiwa kijana, baada ya shamba la babu kugawanywa kwa wana wengi mpaka kila mmoja akabaki na kipande cha kutosha kugombania tu. Majirani zetu wengi ni wafugaji wa nyanda za Hanang. Sisi tulikuwa tunasali Jumapili, wao walikuwa na mambo yao ya wazee, lakini kwenye suala la ng'ombe tulielewana bila mkalimani. Kwa kitu chochote kikubwa kuliko chumvi tulikwenda Haydom. Na kati ya nyumba yetu na barabara ya basi la Haydom kulikuwa na korongo.

Kiangazi korongo lile ni mchanga mtupu, watoto wanachezea mpira. Masika ni kitu kingine kabisa. Kwetu jua linawaka, hakuna hata wingu, kumbe mvua imenyesha milimani tangu asubuhi, na ghafla maji yanashuka na magogo na mawe. Soko huria lilipokuja, wanunuzi wa mbaazi na maharage walifika na malori yao mpaka ukingo wa pili, wakasimama hapo. Aliyetaka kuuza alivusha magunia kwa punda, na bei aliyopewa ilikuwa bei ya mtu ambaye hawezi kurudi na mzigo.

Uchaguzi wetu hufanyika Oktoba. Huo, kwa maoni yangu, ndio ugonjwa wenyewe. Oktoba korongo ni kavu. Wagombea wote niliowahi kuwaona walilivuka kwa gari, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi, na ukiwaambia habari ya maji wanatingisha kichwa kwa huruma, kama unawasimulia ndoto yako.

Huyu wa kwetu angalau alisimamisha gari. Alishuka, akatembea kwenye mchanga na viatu vyake vyeusi, akatazama juu, akatazama chini. Halafu akapanda jukwaani, akasema, "Kabla bunge lijalo halijavunjwa, wazee wangu, mtavuka hapa na viatu miguuni!" Watu walipiga vigelegele. Nami nilipiga. Nilikuwa binti aliyemaliza kidato cha nne Mbulu, nimerudi nyumbani kusubiri kazi ambayo haikuja, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na umri wa kupiga kura. Mama alisimama karibu nami, ameshika bega langu. Hakupiga vigelegele, alikuwa analia kidogo, na nilijua kwa nini.

Mama alikuwa na presha ya macho. Tuliligundua jambo hilo kwa masufuria. Alianza kugonga kila kitu kilichokuwa pembeni yake: mlango, sufuria, ndama. Vya mbele aliviona, vya pembeni havikuwepo. Tukampeleka Haydom, na daktari akatueleza kwa upole kwamba sehemu iliyokwisha kufa ndani ya jicho hairudi, kazi ya dawa ni kulinda ile iliyobaki. Akampa matone. Alisema asikose hata siku moja, na chupa ikikaribia kwisha tuje kuchukua nyingine. Mama alimwuliza, "Na maji yakijaa?" Daktari hakuelewa swali, akamwambia anywe maji ya kutosha.

Kwa hiyo kila mtu kijijini alililia daraja kwa sababu yake: huyu mbaazi, yule shule, mwingine mke mjamzito. Sisi tuliliona katika ukubwa wa kichupa kinachojaa kiganjani.

Alishinda. Kiangazi kilichofuata alikuja kutushukuru, na wazee wakampa zawadi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa siku ile kila mtu alidhani yanatengenea.

Zawadi ilikuwa mtamba yule mwekundu. Alitolewa na wazee wote kwa pamoja, wa kanisani na wa mila, na alibarikiwa kwa maneno marefu ambayo kila mstari wake watu wanaitikia. Mbunge alifurahi sana. Akamshika mtamba pembe ili apigwe picha, halafu akacheka, akasema, "Sasa wazee wangu, nitampeleka Dodoma kwa gari hili? Nitunzieni basi." Katibu wake, kijana mwenye simu mbili kiunoni, naye akacheka. Wazee hawakucheka. Walitazamana, halafu wakamtazama baba yangu, kwa sababu baba ndiye aliyekuwa na zizi zuri na sifa ya kutopoteza mnyama wa mtu.

"Nitamtunza," baba alisema.

Lazima nieleze, maana asiyetoka kwetu ataona ni utani. Kuwekesha ng'ombe si kumwacha tu kwa mtu. Unayemwekesha anakunywa maziwa na kutumia samadi. Ndama wote ni wako. Ukija kumchukua, unaacha mtamba mmoja wa shukrani. Lakini zaidi ya hayo, nyinyi wawili mmekuwa ndugu. Aliyeshika ng'ombe wako hawezi kukusema vibaya mbele za watu. Akiwa na neno na wewe, anakutumia habari za ng'ombe: amezaa, anaumwa, njoo umwone. Wewe unaelewa kwamba unaitwa, unakwenda, mnakunywa maziwa, mnazungumza ndani. Ndivyo wafugaji walivyomaliza mambo makubwa kuliko daraja.

Jioni ile baba alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona tena. "Tumemfunga," alimwambia mama. "Mtu anaweza kusahau kura. Ng'ombe wake hasahau. Kamba ya huyu inafika Dodoma."

Mama alimpapasa mtamba shingoni. "Ni mpole," alisema.

Basi tukamlea ng'ombe wa Mheshimiwa. Mimi ndiye niliyemkatia majani, nami ndiye niliyemfukuza kwenye mbaazi, kwa sababu baba aliona aibu kumchapa. Ng'ombe wetu wenyewe walikula mabua, yeye alikula majani mabichi ya ukingoni mwa korongo. Akapandwa, akazaa ndama jike masika yaliyofuata, maji yalipokuwa yamejaa. Baba alivaa koti lake la kanisani, akamsubiri mtu wa kwanza kuvuka maji yalipopungua, akamtuma kwa katibu wa mbunge kule mjini: "Mwambie Mheshimiwa ng'ombe wake amezaa. Aje amwone."

Jibu lilikuja baada ya mwezi. Mheshimiwa anawapongeza sana.

"Amepokea," baba alisema.

"Amepongeza," nilisema mimi.

"Ni mtu mwenye kazi nyingi. Subira yavuta heri."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, baba."

Alinitazama kwa namna ya kuniambia kwamba kidato cha nne kimeniharibu.

Lilipofika bunge la bajeti, tulikusanyika nyumbani kwetu kusikiliza redio. Tulikuwa tumeambiwa na katibu kwamba Mheshimiwa atachangia siku ile, na kwamba atataja korongo. Baba alinunua betri mpya. Majirani walikuja na vigoda vyao, hata wale wafugaji ambao Kiswahili cha bungeni hawakukifuata. Walitaka kusikia tu jina la kijiji likitoka kwenye redio. Mama alikaa karibu zaidi, amefumba macho. Alikuwa amepoteza sehemu nyingine ya kuona masika yale, chupa ilipokwisha na sisi tukashindwa kuvuka. Sasa alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo.

Akaitwa jina. Tukanyamaza hata kuku wakasikika.

Akaanza kumshukuru Mwenyezi Mungu. Akamshukuru Mheshimiwa Spika kwa kumpa nafasi. Akampongeza Rais, akampongeza Waziri, akampongeza Naibu Waziri, akampongeza Katibu Mkuu na wataalamu wote wa wizara kwa hotuba nzuri. Akawapa pole wenzake waliofiwa. Akawapongeza waliofunga ndoa. Akawashukuru wapiga kura wake, na hapo watu wa kwetu wakatabasamu na kusogea mbele. Akamshukuru mke wake na watoto. Akasema anaunga mkono hoja mia kwa mia, asije akasahau mwishoni. Halafu akasema, "Mheshimiwa Spika, sasa naomba nije kwenye jimbo langu." Kengele ikalia.

Kama kuna sauti ninayoichukia duniani ni ile. Tulimsikia akisema, "Mheshimiwa Spika, ya kwanza hiyo?" na sauti nyingine ikamjibu kwamba ni ya pili, ahsante sana, na jina la mbunge mwingine likaitwa. Yule mwingine naye akaanza kumshukuru Mwenyezi Mungu.

 Kisha baba akazima redio ili kutunza betri, akasema, "Ameanza vizuri. Huwezi kuomba kitu cha mtu kabla hujamsalimia."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikapiga ukuta kwa ngumi mpaka mkono ukaniuma. Sikuwa na hasira na mbunge, siku ile. Nilikuwa na hasira na baba yangu, ambaye angemsamehe mtu hata kama angemkuta anabomoa nyumba yetu, mradi ameanza kwa hodi.

Kisha mkoa ukagawanywa. Tulilala watu wa Arusha, tukaamka watu wa Manyara. Watu walishangilia, nami sisemi halikuwa jambo zuri. Babati ni karibu kuliko Arusha kwa yeyote mwenye nauli. Lakini jalada la daraja letu lilikuwa ofisi ya Arusha. Tukiuliza huku, tunaambiwa liko kule. Tukiuliza kule, tunaambiwa hilo sasa ni la wenzetu. Katibu wa mbunge alijifunza neno jipya, makabidhiano, na akalitumia kwetu kwa muda mrefu kama dawa ya kutuliza maumivu. Ng'ombe akazaa tena, dume. Baba akatuma habari. Mheshimiwa akapongeza.

Mwaka wa tatu daktari wa Haydom alisema matone peke yake hayatoshi, mama afanyiwe upasuaji mdogo ili presha ya jicho ishuke. Bingwa wa macho angekuja kutoka mbali kwa siku chache. Tukapewa siku yetu. Ilikuwa katikati ya masika.

Tuliondoka nyumbani alfajiri. Mama amevaa kitenge chake kizuri, kwa sababu alitaka bingwa wa macho amwone amependeza. Tulilisikia korongo kabla ya kulifikia. Ng'ambo ya pili tuliona basi la Haydom limesimama, dereva ameshuka, anatutazama kwa mikono kiunoni. Alitusubiri kwa kadiri alivyoweza, mtu yule, kisha akapanda akaondoka. Tulikaa ukingoni mpaka jioni. Kesho yake tulikuja tena, maji yalikuwa vilevile. Baba alikata fimbo ndefu akaingia kujaribu, maji yakamfika kifuani, wanaume wawili wakamvuta. Tukajaribu kuzunguka kwa njia ya Katesh, barabara ikawa imekatika huko nako. Tulipofika Haydom hatimaye, bingwa alikuwa amekwisha ondoka. Nesi alimpa mama kiti na chai. Tukapangiwa safari nyingine ya bingwa, lakini daktari alipomwangalia mama alituambia ukweli, kwamba tusitegemee makubwa, tusiharakishe sana kushona nguo ya sherehe.

Kiangazi cha mwaka huo mbunge alifanya ziara. Mkutano ulikuwa shuleni kwetu. Alikuja kwa gari, akavuka mchanga, vioo vimefungwa. Alizungumzia mkoa mpya, soko huria, na simu ambazo sasa zilikuwa zinashika ukipanda kilimani. Halafu mwenyekiti wa kijiji akauliza kama kuna maswali.

Nilisimama. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi swali langu njiani, tena nililipunguza makali nikabakiza heshima. Nikafungua mdomo, nikasikia kwa lugha ya nyumbani, nyuma yangu, taratibu, "Keti chini."

Alikuwa baba. Uso wake ulikuwa unaomba zaidi ya kuamuru. "Tuna ng'ombe wake," alisema. "Siyo mbele za watu."

Mbunge aliniona. "Nimemwona binti pale ana swali," alisema kwa kipaza sauti.

"Hakuna swali, Mheshimiwa," baba akajibu kwa Kiswahili, amesimama kunikinga. "Ng'ombe wako wanaendelea vizuri."

Watu walicheka, mbunge alicheka, akasema, "Asante sana mzee wangu, nitakuja kuwaona," na akanyoosha kidole kwa mtu mwingine. Hakuja kuwaona. Gari lake lilipita mbele ya zizi letu, nikaona mkono ukipunga dirishani.

Nyumbani nilimwambia baba maneno ambayo binti wa kwetu hamwambii baba yake. Nilimwambia ng'ombe wa mtu yule anakula majani yetu, na yeye mwenyewe amekula kura zetu, na kwamba kamba anayojisifia haikumfunga mbunge hata kidogo, imetufunga sisi midomo.  Baba alikuwa mtu mwenye mila moja tu, na aliamini wengine wote wanayo hiyo hiyo. Mama ndiye aliyenijibu, kutoka jikoni ambako alikuwa anapapasa akitafuta kibuyu.

"Ng'ombe hana kosa," alisema. "Nenda ukamkamue."

Upasuaji wa jicho moja alifanyiwa hatimaye. Ulisaidia kwa muda, jinsi mvua ya mwisho inavyosaidia mahindi yaliyokwisha kukauka. Mwaka wa mwisho wa bunge lile aliacha kunitambua nikiwa mlangoni. Alisubiri nizungumze. Siku moja nilimkuta amesimama zizini, shavu lake limeegemea ubavu wa ng'ombe wa Mheshimiwa, na ng'ombe ametulia kabisa. Nikaondoka, maana sikutaka kumpenda ng'ombe yule.

Bunge likavunjwa. Tulisikia kwenye redio, Spika akiwatakia waheshimiwa safari njema. Baba alitoka nje akatazama upande wa korongo, kama mtu atakayeshuka pale muda wowote na mifuko ya saruji. Kwenye kura za maoni za chama chake mbunge wetu aliangushwa. Oktoba tukamchagua mwingine, aliyevuka mchanga kwa gari jeupe zaidi.

Mvua zikaanza. Ilikuwa karibu na Krismasi, maji korongoni yamejaa lakini siyo ya kutisha, tulipoliona lori limesimama ng'ambo. Akavuka katibu, bila simu mbili sasa, moja tu. Alimwamkia baba shikamoo, akasema ametumwa kuchukua ng'ombe wa Mheshimiwa.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda. Hakuinuka. "Ng'ombe hamfuati mjumbe," alisema. "Anarudi kwa mkono wa mwenyewe. Yuko wapi?"

"Yuko kwenye lori, mzee. Maji..."

"Tutamsubiri."

Nilipanda kwenye kichuguu ili nione. Nilimwona akishuka kwenye lori. Alisimama ukingoni muda mrefu, akatazama juu, akatazama chini, kama alivyofanya siku ile ya mchanga. Kisha akainama, akavua viatu, akavua soksi, akakunja suruali. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Nilifurahi mpaka nikajionea aibu.

Alifika nyumbani viatu mkononi, amelowa hadi kiunoni. Mama alikuwa kwenye mkeka mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni nani?"

 Mama alinyoosha mkono, naye akampa wake. Ule mkono wa mama ulipanda kwenye kiwiko, ukashuka kwenye koti, ukashika pindo.

"Umelowa, mwanangu," alisema. "Ulipita wapi?"

"Pale kwenye jiwe kubwa, mama."

"Hapo hapapitwi, pana shimo. Sisi tunapita juu kidogo." Alisema hivyo bila sumu yoyote, kama anavyomwelekeza mgeni mahali pa kuweka mwavuli. "Binti, mletee mgeni maziwa."

Nilimletea. Na hapo niliona jambo ambalo bado linanichoma. Alipokea kibuyu kwa mikono miwili. Kabla ya kunywa alimwaga tone ardhini. Alikwenda zizini, akaweka kiganja juu ya mgongo wa ng'ombe mwekundu, akamsemesha kwa sauti ya chini, kisha akazunguka akiwagusa ndama mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kwa mtamba mdogo kuliko wote. "Huyu abaki, mzee," alisema. "Ni shukrani yangu." Hakufundishwa na mtu. Alikuwa mtoto wa wafugaji, ameyajua yote tangu utotoni. Kila baba alipomtumia habari kwamba ng'ombe amezaa, aje amwone, alielewa kabisa anaitwa kwa ajili ya nini. Alichagua kupongeza.

Sijui kama baba naye aliliona hilo. Alimkabidhi fimbo ya kuchungia kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua chache, akasafisha koo.

"Sasa sina ng'ombe wako," alisema.

"Ndiyo, mzee. Mungu akubariki sana."

"Kwa hiyo sasa naweza kukuuliza." Baba alivua kofia.  "Daraja letu liko wapi?"

Yule bwana alitazama chini, kwenye miguu yake yenye matope. Alipojibu hakuwa na dharau, na labda hiyo ndiyo mbaya zaidi. "Mzee wangu, mimi siyo mbunge tena. Bunge lile lilishavunjwa. Hilo muulizeni mwenzangu aliyeingia sasa."

Baba alibaki ameshika kofia. Alikuwa na maneno mengine, niliyaona yamejaa mdomoni, maneno ya masika yote yale. Hayakuwa na pa kwenda. Akavaa kofia yake, akasema, "Haya," akawatoa ng'ombe wa Mheshimiwa, akafunga mlango wa zizi ingawa ndani wamebaki mtamba wa shukrani na ng'ombe wetu waliokonda.

"Binti," mama aliniita, "mvushe mgeni. Asije akaumia."

Nilitaka kukataa. Lakini mama alikuwa amesema. Katibu alitangulia na ng'ombe, wakaingia majini bila wasiwasi, ng'ombe mwekundu mbele. Mimi nikamshika mkono mtu yule kama nilivyokuwa nikimshika mama, nikampitisha juu kidogo ya jiwe. Mkono wake ulikuwa laini na baridi. Katikati, maji yanapovuta, aliukaza mkono wangu.

"Mama mnamvusha hapa akienda hospitali?" aliuliza.

"Tulikuwa tunamvusha. Sasa hatumvushi."

"Alipona?"

"Dawa ilikuwa ya kulinda macho," nilimwambia. "Sasa hakuna cha kulinda."

 Tulipofika ng'ambo aliketi kwenye jiwe, akajifuta miguu kwa leso, akavaa soksi, kisha viatu. Ng'ombe walikuwa wanapandishwa kwenye lori, na yule mwekundu aligeuza kichwa kuelekea kwetu akalia. Nikaingia majini kurudi. Mama alikuwa ameshuka mpaka ukingoni peke yake, amesimama pale tunapopitaga, kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza kama nimefika.